Ukuta Mbovu wa Kiwanda cha Magodoro

Nchi ninayotaka kuisimulia haina jina, kwa hiyo msihangaike kuifungulia ramani. Wageni wakituuliza tunatoka wapi, tunajibu "huku kwetu", nao huridhika. Ni nchi ya watu wema kupita kiasi. Wema wetu una wizara, una mihuri mitatu, na kila mwaka hupimwa kwa alama kama mtihani wa darasa la saba.

Zamani, nasikia, wema ulikuwa jambo la hiari. Mtu alimsaidia jirani akijisikia, asipojisikia akapita zake. Serikali ikaona hayo ni mambo ya kienyeji. Ikatunga Sheria ya Utu Makazini, vifungu mia mbili na kumi, ikiagiza kila kampuni iwe na utu unaoonekana kwa macho na unaopigika picha. Kifungu cha mwisho ni kifupi kuliko vyote, na ndicho pekee ninachokijua bila kufungua kitabu: Kukataa wema wa kampuni ni kosa.

Mji wetu una kiwanda kimoja, cha magodoro. Kinaitwa Pono, kwa sababu anayelala juu ya godoro lake hulala usingizi wa pono. Mbele kuna ofisi za vioo, ghorofa tatu. Nyuma kuna ukumbi mrefu wa mabati, ambamo wanawake hukata sponji na kuibandika kwa gundi. Mdogo wangu Nyamizi alifanya kazi humo miaka sita. Mimi kaka yake mkubwa, Shija, ni fundi mwashi, na wakati huo nilikijua kiwanda kwa harufu tu, ile iliyokuwa ikirudi nyumbani kwenye nywele zake.

*

Mkurugenzi Mkuu wa Pono ni Bwana Aristarko, mtu wa sauti nene na viatu laini. Yeye ndiye aliyegundua kwamba mameneja wake kumi na wawili walikuwa na dhamiri kumi na mbili. Aliona ni upotevu. Huyu akitaka kuamua jambo, dhamiri ya yule inawasha. Mkutano wa nusu saa unakwenda mpaka chakula cha mchana. Akaagiza dhamiri zote ziwekwe mahali pamoja, ghorofa ya tatu, kama stoo, chini ya mtu mmoja mwenye kusaini. Ndipo alipoajiriwa Mama Pulkeria kuwa Afisa Dhamiri Mkuu.

Tangu hapo utaratibu ukawa mzuri sana. Meneja akisita moyoni, alijaza fomu akaipeleka juu. Fomu ikirudi na muhuri, moyo ulikuwa hauna tena ruhusa ya kusita. Mameneja wa Pono walilala vizuri kuliko hata wateja wao.

Mama Pulkeria mwenyewe si mtu mbaya. Nataka hilo lieleweke. Ana sauti ya upole, anakushika mkono kwa mikono miwili, na hukuuliza habari za wazazi mpaka wa pande zote mbili. Shida yake ni kwamba dhamiri nzuri hualikwa sana. Leo semina, kesho warsha, keshokutwa anatoa mada.

Sasa, ule ukumbi wa nyuma ulikuwa na mlango mdogo wa kutokea uani. Gundi ikiwazidi, wanawake walitoka, wakavuta pumzi, wakarudi. Meneja wa Uzalishaji alisimama na saa siku tatu, akagundua kwamba kila mwanamke hukaa nje dakika kumi na moja kwa siku. Akaandika ripoti yenye uchungu: wafanyakazi wanakwenda kutafuta hewa nje ilhali ya ndani ipo na haijaisha. Akapendekeza mlango ufungwe kwa kufuli. Kwa kuwa kufungia watu ni jambo la moyo, alijaza fomu.

"Dhamiri yuko semina," katibu wa ghorofa ya tatu akamwambia.

"Anarudi lini?"

"Akitoka hiyo anaunganisha nyingine."

Kanuni ilikuwa wazi. Dhamiri isipojibu kwa siku saba, imekubali. Siku ya nane kufuli likafungwa.

Mama Pulkeria aliporudi alisikitika kwelikweli. Alisema haiwezekani ufunguo wa mlango kama huo ukae kwa mlinzi, mtu asiye na mafunzo ya maadili. Akauchukua akautunza yeye, kwenye mkoba wake. Kisha akaita mchoraji, akaagiza mlango upakwe rangi ya samawati na uandikwe kwa herufi kubwa: TUNAKUJALI.

"Kaka, wametufungia mlango," Nyamizi aliniambia jioni ile, akiosha miguu. "Ila wameuandika maneno matamu."

"Maneno gani?"

"Tunakujali."

"Nani anamjali nani?"

"Mimi nitajuaje? Anayesema ni mlango."

Akacheka. Alikuwa akicheka kwa pua kwanza, halafu ndipo mdomo unafuata. Naliandika hili kwa sababu sijaona mtu mwingine anayecheka hivyo, na naogopa nitalisahau.

*

Moto ulikuwa siku ya Jumanne, saa nane mchana. Mlango wa mbele wa ukumbi ulishika mapema, kwa sababu ndipo yalipokuwa mapipa ya gundi. Waliokuwa karibu nao walitoka. Wa nyuma walikimbilia mlango wa samawati.

Mama Pulkeria siku hiyo alikuwa hoteli moja ya kando ya ziwa, akitoa mada juu ya Dhamiri Hai katika Biashara ya Leo. Mkoba alikuwa nao.

Ripoti ya uchunguzi ilikuwa na kurasa tisini. Ukurasa wa sitini na nne ulisema: "Ufunguo umepatikana. Uko katika hali nzuri." Waliokufa walikuwa kumi na mmoja. Nyamizi alikuwa wa saba kwenye orodha, kwa sababu ya alfabeti.

*

Hapo ndipo nchi yetu ilipoonyesha utu wake. Kesho yake asubuhi, kabla hatujajua hata maiti ipi ni ya nani, lori la Pono lilikuwa mlangoni. Lilishusha turubai, viti, masufuria na wapishi. Lilishusha jeneza, na ndani ya jeneza kulikuwa na godoro la inchi mbili, daraja la kwanza.

"Hili ni la sponji ile ile?" nikamwuliza dereva.

"Ile ile, Fundi," akanijibu kwa fahari. "Haiwekwi nyingine."

Lilishusha pia fulana mia moja nyeupe. Kifuani ilikuwa picha ya Nyamizi, ile ya kitambulisho cha kazi, ambayo alikuwa akiichukia kwa sababu alifumba jicho moja. Mgongoni yaliandikwa: PONO, PUMZIKA KWA RAHA. Mama yetu alipoiona akaigeuza, akaigeuza tena, akaniuliza inasema nini. Mama hajui kusoma. Nikamwambia inasema jina la marehemu pande zote mbili.

Msibani alikuwepo Bwana Zebedayo, Mpima Utu kutoka Wizara ya Viwanda na Utu. Alikuja na ubao wake na kalamu mbili, akakaa karibu na jikoni. Nilimsogelea kwa adabu nikamwuliza anaandika nini.

"Alama," akasema. "Turubai tatu. Jeneza tano. Meneja akilia kwa sauti, mbili. Akilia kwa machozi, nne. Machozi lazima yafike shavuni, yakiishia kwenye kope sihesabu. Mwaka huu Pono wanaweza kuchukua Tuzo ya Taifa, Fundi. Misiba kumi na mmoja si mchezo."

"Na kampuni ambayo haikuua mtu mwaka mzima, inapata ngapi?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali na mtoto.

"Sifuri. Mtu ambaye hakufa utampigaje picha?"

Bwana Aristarko alihutubia. Alisema Nyamizi hakuwa mfanyakazi bali alikuwa familia. Alisema moto ni mtihani, na kwamba kampuni imeufaulu. Machozi yake mawili yalifika shavuni, na Bwana Zebedayo akainama kuandika. Kisha mshereheshaji wa kampuni akamletea mama kipaza sauti atoe neno la shukrani, kwa maana bila neno la shukrani alama zote zinabaki za penseli.

"Niseme nini?" mama akauliza, na kipaza sauti kikaitangazia kata nzima.

"Sema asante, Bibi."

"Asante ya nini?"

"Ya jeneza, Bibi. Ya turubai. Ya wali."

Mama akafikiri kwa muda mrefu. "Wali ulikuwa na mawe," akasema.

Bwana Zebedayo akauliza kama hiyo ni shukrani. Wakashauriana. Wakakubaliana kwamba ni shukrani ya kienyeji.

*

Wiki mbili baadaye Mama Pulkeria alikuja nyumbani. Alitushika mikono kwa mikono miwili, akalia, kisha akatoa bahasha. Pono walikuwa na mpango wao mkubwa kuliko yote, ulioitwa Kiti Hakibaki Wazi. Familia ya marehemu hurithishwa kiti chake kazini. Kiti cha Nyamizi kilikuwa cha safu ya mwisho, karibu na mlango wa samawati, na kilikuwa kimeshafutwa masizi. Kampuni imependekeza apewe Kalunde, kitinda mimba wetu, miaka kumi na tisa.

"Tunashukuru sana, Mama," nikasema. "Ila Kalunde hataweza."

"Anaumwa?"

"Haumwi."

"Basi ataweza. Fundi, usinifanye nisome kifungu cha mwisho nikiwa kwenye nyumba ya msiba. Moyo wangu hautaki."

Kalunde alikuwa amekaa mkekani, kanga begani. Akauliza, "Huo mlango bado una kufuli?"

"Una kufuli jipya, mwanangu," Mama Pulkeria akasema kwa huruma. "Lile la zamani liliharibika kwa joto."

Jumatatu Kalunde akaenda kazini. Kila asubuhi tulimwangalia akifunga viatu, mama na mimi. Aliporudi na ile harufu kwenye nywele mama alitoka nje.

Nilikuwa na jambo moja tu la kutaka hapa duniani, kwamba yule mtoto akikimbilia mlango, mlango ufunguke. Nikaandika barua kwa Kamati ya Maadili ya kampuni. Niliandika kwa mkono wangu mzuri, ule wa kidato cha nne, nikiomba kufuli la mlango wa nyuma liondolewe. Nikaambatanisha majina kumi na moja.

Nawapa pongezi, kamati ilikaa. Ilikaa siku mbili, na chai. Jibu lilikuja likiwa na mihuri yote mitatu, nami nililisoma mara nne nikiwa nimesimama.

"Kamati imeyachukulia maoni yako kwa uzito unaostahili," iliandikwa. "Imepitia taarifa za tukio na kubaini kwamba marehemu wote kumi na mmoja walikutwa mlangoni. Hakuna hata mmoja aliyekutwa ukutani. Ni dhahiri kwamba mlango ndio chanzo cha hatari, kwa kuwa huwavutia wafanyakazi kuukimbilia. Kamati imeazimia kwa kauli moja mlango huo uondolewe na mahali pake pajengwe ukuta imara. Kama ishara ya uwajibikaji wetu kwa jamii, kazi hiyo ya kujenga umepewa wewe, ndugu wa marehemu. Hongera."

Chini yake, kwa wino wa zambarau, Mama Pulkeria alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe: "Mungu akutie nguvu. Kumbuka kifungu cha mwisho."

*

Nilikwenda Jumapili, kiwanda kikiwa kimefungwa. Mlango walikuwa wameshaung'oa na kuupeleka ofisi za mbele, ukawekwe ukutani mwa ukumbi wa wageni kwa sababu ya yale maneno. Palibaki uwazi tu. Nilisimama ndani ya ukumbi, mahali kilipo kiti, nikautazama uwanja. Upepo ulikuwa unaingia vizuri. Nilihesabu hatua kutoka kwenye kiti mpaka nje. Zilikuwa nne.

Walinipa matofali ya kutosha, mchanga, na mifuko minne ya saruji mpya. Meneja wa Ubora alinisisitizia niweke saruji ya kutosha, akaondoka kwenda ibadani.

Baba yangu mdogo ndiye aliyenifundisha ujenzi, naye alikuwa na fimbo. Ulipanga tofali kiungo kikapandana na kiungo cha chini yake, ulichapwa. Ulichanganya mchanga mwingi kuliko kipimo, ulichapwa na kulala bila kula. Alikuwa akisema ukuta mbovu ni uongo uliosimama. Nimejenga miaka ishirini na tatu. Nimejenga zahanati, madarasa, msikiti na makanisa mawili, na hakuna ukuta wangu hata mmoja ulioota ufa.

Siku ile nilijenga kwa udongo na mchanga, bila saruji hata chembe. Nilipanga viungo juu ya viungo, kutoka chini mpaka juu, vimenyooka kama mistari ya daftari. Pembeni, ukuta mpya unaposhikana na wa zamani, sikuushikanisha. Niliacha upenyo wa kidole nikauziba kwa karatasi. Mkono ulikuwa unakataa. Mara mbili nilijikuta nimepanga tofali sawasawa kwa mazoea, nikabomoa nikapanga vibaya upya. Mwisho nikapiga lipu nyembamba sana, yenye saruji kidogo ya kudanganyia jicho, nikailainisha mpaka ikang'aa. Lipu ile ilikuwa nzuri. Naikiri.

Mifuko mitatu na nusu iliyobaki niliipeleka kwa Nyamizi. Nikajengea kaburi lake kwa kipimo cha baba mdogo, kilo kwa kilo. Halitikisiki.

Jumatatu Bwana Zebedayo alikuja kukagua. Aliugonga ukuta kwa kalamu, taratibu, akaweka sikio.

"Imara," akasema. "Kazi ya mtu mwenye uchungu. Alama sita."

Jioni nilimwita Kalunde uani.

"Ule ukuta wa nyuma yako umeuona?"

"Nimeuona. Umejenga vizuri, kaka." Alisema kwa sauti ya mtu anayemmezea mtu hasira.

"Siyo vizuri."

Akanitazama.

"Ni mbovu. Nimeujenga vibaya kuliko kitu chochote nilichowahi kujenga. Usiuegemee. Usiweke hata mzigo hapo. Siku likitokea jambo, sukuma kwa bega, chini ya usawa wa kiuno. Wasikie na wenzako, wa safu ya mwisho wote. Meneja asisikie."

Kisha akaanza kucheka na kulia vyote pamoja, akajifuta kwa ncha ya kanga.

"Kaka, wewe na ufundi wako wote?"

"Na ufundi wangu wote."

*

Kufikia mwezi wa tano, kiwanda kilikuwa kimenunua gundi nyingine iliyokuwa ikiwaka upesi zaidi. Fomu ilikuwa imepelekwa juu, na Dhamiri alikuwa warshani.

Saa nne asubuhi moshi ulianza pale pale, mlango wa mbele. Nilikuwa juu ya jengo la shule napiga kenchi za paa nilipouona, nikashuka sijui kwa ngazi au kwa kuruka. Nilipofika uani kwa Pono sikukuta moto. Nilikuta vumbi. Vumbi jekundu la udongo wangu, na ndani ya vumbi wanawake wanatoka, wanakohoa, wanashikana nguo. Mmoja alikuwa na kiatu kimoja. Mmoja alikuwa ametoka na mkasi wa kukatia sponji, hajui kwa nini. Niliwahesabu. Walikuwa thelathini na wanane, na wa thelathini na nane alikuwa Kalunde, bega limechubuka na nywele zimejaa mchanga.

"Kaka," akasema, "tofali zako zimeniangukia mguuni."

Nikampangusa mchanga nywelini.

Lori la msiba lilifika baada ya dakika ishirini. Safari hii walikuwa wamejiandaa vizuri zaidi. Majeneza yalikuwa tayari, fulana zilikuwa zimeshachapwa tangu mwaka mpya, kwa picha za vitambulisho, za wafanyakazi wote wa ukumbi wa nyuma. Bwana Aristarko alishuka kwenye gari akiwa na suti nyeusi na hotuba mfukoni. Akatazama uwanja. Akatazama wanawake wamekaa kwenye majani wanakunywa maji.

"Wako wapi?" akauliza.

"Ndio hawa, Mkurugenzi," mlinzi akasema.

"Wengine?"

"Hakuna wengine."

Bwana Zebedayo alizungusha kalamu, akatazama ubao wake, akaandika sifuri, akaipigia mstari. Tuzo ya Taifa ilikuwa wiki ijayo. Hapo ndipo nilipomwona Bwana Aristarko akilia kweli, machozi yakipita shavuni, yakishuka mpaka kwenye tai.

"Haya si alama nne?" akamwuliza Bwana Zebedayo, akiuonyesha uso wake.

"Hakuna maiti, Mkurugenzi. Hayana pa kuandikwa."

*

Waliponiita mbele ya Kamati ya Maadili, kwa mara ya kwanza tangu ianzishwe wajumbe wote walikuwepo. Hata Dhamiri alikuwepo, amekaa na mihuri yake mbele. Shitaka langu lilikuwa ukosefu wa maadili ya kazi. Kwa moto wa kwanza hakuna aliyeshitakiwa, maana mlango ule ulikuwa umefungwa kwa kufuata utaratibu.

Bwana Aristarko alisimama.

"Ndugu wajumbe," akasema, "kampuni hii imejengwa juu ya uaminifu. Tulimpa mtu huyu jeneza. Tukampa turubai. Tukampa dada yake ajira, naye tukampa ukuta. Akaujenga kwa matope! Najiuliza, tunaelekea wapi kama taifa, ikiwa fundi anaweza kumtazama mteja wake usoni na kumjengea kitu kinachoanguka? Dhamiri ya mtu huyu iko wapi?"

Wote wakamgeukia Mama Pulkeria. Akatikisa kichwa kwa huzuni. Kwake haikuwahi kuletwa fomu.

Wakamwita Kalunde atoe ushahidi wa ubora.

"Binti, huo ukuta ulikuwaje?"

"Mbovu, mzee."

"Mbovu kiasi gani?"

"Nilisukuma mara moja kwa bega. Wenzangu walipokuja kunisaidia tukakuta tumeshatoka."

Wanawake waliokuwa nyuma ya chumba wakacheka. Mwenyekiti akagonga meza.

"Unaelewa kwamba kaka yako ameiaibisha kampuni mbele ya Wizara?"

"Naelewa, mzee. Nilikuwepo. Nilikuwa nakohoa."

Hukumu ilitoka kabla ya chai. Jina langu lilifutwa kwenye Daftari la Mafundi Waaminifu. Nikakatazwa kujenga majengo ya serikali na ya kampuni zenye utu. Kalunde akafukuzwa kwa kusukuma mali ya mwajiri. Mihuri yote mitatu ikapigwa, na Mama Pulkeria akaniomba nisimchukie.

Adhabu ya mwisho waliitekeleza siku ile ile. Mchoraji wa serikali alikuja nyumbani na ngazi, akaandika juu ya mlango wangu kwa rangi nyekundu isiyofutika: FUNDI HUYU HUJENGA KUTA ZINAZOANGUKA. Aliandika kwa herufi kubwa, zinazosomeka kutoka barabarani, ili wananchi wajihadhari. Mama akatoka akaniuliza inasema nini. Safari hii nilimsomea kama ilivyo.

Siku tatu hakuja mtu. Siku ya nne, asubuhi, nilisikia hodi. Alikuwa mwanamke nisiyemjua, wa makamo, amevaa aproni ya kiwanda cha viberiti cha mji wa jirani. Alikuwa ametembea. Alisimama akausoma ule mwandiko taratibu kwa midomo, mpaka mwisho, halafu akauliza:

"Wewe ndiye fundi mwenyewe?"

"Ndiye mimi. Lakini nimekatazwa."

"Sisi wanaziba mlango wetu wiki hii. Wanatafuta fundi wa bei nafuu." Akapunguza sauti. "Tumechangishana, tumesema tukutafute wewe. Utujengee kama ule."

Nilimwuliza wako wangapi ndani.

"Sitini na wawili."

Nikamwambia asubiri nichukue mwiko.